Tuendelee Kwenda Anga za Juu? Swali Moja Lililobeba Maswali Matatu

Alasiri ya tarehe 30 Desemba 2024, pete kubwa ya chuma ilianguka kutoka juu katika kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni, nchini Kenya. Kipenyo chake kilikuwa takriban mita 2.5, na uzito wake ulikadiriwa kuwa kilo 500, sawa na fahali aliyenona. Shirika la Anga za Juu la Kenya liliichukua na kueleza kwamba ilikuwa sehemu ya roketi, pete ya kutenganishia vipande vyake safarini, na kwamba vitu vya namna hiyo hutarajiwa viteketee vinaporudi kwenye hewa ya dunia au viangukie mahali pasipokaliwa. Mukuku panakaliwa. Kwa bahati hakuna aliyejeruhiwa.

Tukio hilo liliamsha upya swali la zamani ambalo halijawahi kukauka barazani wala kwenye daladala: je, ni haki binadamu kuendelea na safari hizi za anga za juu, wakati duniani watu wanalala njaa? Ukiwasikiliza wanaobishana utaona upesi kwamba hawabishani juu ya jambo moja. Mmoja anatetea utabiri wa hali ya hewa, wa pili anashambulia ndoto za kuhamia sayari ya Mirihi, wa tatu anauliza kwa nini watu walikwenda mwezini ilhali huko hakuna hata maji ya kunywa. Wote watatu wanatumia neno moja, anga, na kila mmoja analijaza maana yake.

Kosa la kwanza ni la lugha. Kwa Kiswahili neno hilo limebeba mzigo mkubwa, kwa sababu ndege huruka angani, mawingu yako angani, na nyota nazo ziko angani. Wataalamu wengi wamekubaliana kwamba anga za juu zinaanzia kilomita 100 kutoka usawa wa bahari, mahali ambapo hewa ni chache mno kiasi kwamba bawa la ndege halina kitu cha kulishikilia. Kilomita 100 ni kama kutoka Dar es Salaam hadi Chalinze. Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, ambacho kimekuwa na watu ndani yake bila kukatika tangu Novemba 2000, kiko kilomita 400 hivi, na huo ndio umbali wa Dar es Salaam hadi Dodoma ukipima kwa mstari ulionyooka. Kwa umbali, basi, anga za juu si mbali. Taabu ni kwamba barabara yake imesimama wima, na ukifika juu hakuna pa kukanyaga.

Hapo ndipo dhana potofu iliyoenea kuliko zote inapoingia, kwamba wanaanga huelea kwa sababu huko juu hakuna mvutano wa dunia. Upo, na kwenye kituo hicho bado una nguvu karibu sehemu tisa kati ya kumi za ule unaotuvuta sisi hapa chini. Chukua jiwe ulirushe mbele yako: litakwenda kidogo, litapinda, litaanguka. Lirushe kwa nguvu zaidi, litaangukia mbali zaidi. Sasa mfikirie mrushaji mwenye mkono wa kurusha kilomita 28,000 kwa saa. Jiwe lake nalo linaanguka, lakini kwa kuwa dunia ni mviringo, kila linaposhuka kidogo ardhi nayo imejikunja kidogo chini yake, na kwa hiyo linaanguka bila kufika. Kuanguka huko kusikokwisha ndiko kunakoitwa kuwa kwenye obiti. Kituo cha Kimataifa huizunguka dunia nzima kwa takriban dakika 90, na waliomo ndani huelea kwa kuwa wao na chombo chao wanaanguka pamoja, kwa mwendo mmoja.

Jambo hilo linaeleza pia kwa nini safari hizi ni ghali. Roketi haitumii nguvu zake nyingi kupanda. Inazitumia kuupata mwendo huo. Inapoondoka, karibu sehemu tisa kati ya kumi za uzito wake ni mafuta pamoja na oksijeni ya kuyachomea. Ni sawa na lori la tani kumi ambalo tani tisa ni dizeli yake lenyewe, na katika tani iliyobaki uhesabu bodi, injini, na mwishowe ule mzigo mdogo uliokufanya ukodi lori.

Sasa turudi kwenye swali. Mtu akikuuliza kama binadamu aendelee kwenda baharini, utamuuliza kwanza: kwenda kufanya nini? Yuko mvuvi anayetoka alfajiri, akavua karibu na miamba, akarudi na kitoweo. Yuko mtaalamu anayeshusha kifaa kwa kamba ili ajue kilichoko kilindini, yeye mwenyewe akiwa amekaa chomboni. Na yuko mtu anayetaka kuihamishia familia yake kwenye kisiwa kisicho na maji, miti wala udongo wa kupanda. Wote watatu wanakwenda baharini, lakini huwezi kuwapa jibu moja. Anga za juu nazo ni hivyo hivyo: kuna kazi ya setilaiti zinazotutazama sisi, kuna kazi ya roboti zinazotumwa mbali, na kuna kazi ya kumpeleka mtu mwenyewe.

Setilaiti na Kilimia

Wahenga wa pwani walilijua kundi la nyota waliloliita Kilimia, jina linalotokana na kulima, wakaacha na msemo wake: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Walikuwa wanatazama juu ili wajue la kufanya chini. Setilaiti za kutazama dunia zimeugeuza mtazamo huo, zikawa zinatazama chini kutoka juu, lakini swali ni lile lile la mkulima.

Mfano ulio karibu nasi ni wa Marsabit, kaskazini mwa Kenya. Kwa miaka mingi haikuwezekana kumuuzia mfugaji wa huko bima, kwa kuwa kampuni ingelazimika kumtuma mtu nyikani kuhesabu mizoga, na gharama ya gari na posho ingezidi thamani ya ng'ombe waliokufa, achilia mbali uwezekano wa mzoga mmoja kuhesabiwa mara mbili. Mwaka 2010 Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, yenye makao yake Nairobi, pamoja na washirika wake, ilianzisha bima ambayo haihesabu mizoga kabisa. Inapima ukijani wa malisho kutoka kwenye setilaiti. Jani bichi hunywa mwanga mwekundu wa jua na kurudisha juu kwa wingi mwanga mwingine ambao macho yetu hayauoni. Jani lililokauka haliwezi kufanya hivyo. Setilaiti inapolinganisha mianga hiyo miwili, inajua kama nyika iliyo chini yake imenawiri au imekauka, na kipimo kikishuka chini ya kiwango kilichoandikwa kwenye mkataba, mfugaji hulipwa. Malipo ya kwanza yalitolewa mwaka 2011. Mfumo huo una kasoro zake, kwa kuwa setilaiti huona kijani bila kujua kama ni nyasi au ni kichaka ambacho ng'ombe hagusi, na mfugaji anaweza kukosa malipo wakati zizi lake limekwisha. Hata hivyo, mwenye kusema kwamba anga za juu hazimhusu maskini atalazimika kwanza kumweleza mfugaji huyu.

Mengine nitayapitia haraka. Mwezi Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokaribia Mafia na pwani ya Tanzania, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari kabla hakijafika, na kimbunga kilichoko katikati ya bahari huonekana kwa setilaiti, si kwa mtu aliyesimama ufukweni. Simu ya dereva wa bodaboda inapomwonyesha mteja alipo, inasikiliza saa za setilaiti zilizo kilomita 20,000 na ushei juu yetu, kisha inapiga hesabu ya umbali kutokana na kuchelewa kwa mawimbi yao ya redio. Inasikiliza tu, kama redio. Haitumi chochote kwenda juu, ingawa wengi huamini kwamba inatuma. Na kwa ajili ya haki niseme pia kinachokuzwa kupita kiasi: sehemu kubwa ya intaneti ya Afrika Mashariki haishuki kutoka angani, bali hupita kwenye nyaya zilizolazwa chini ya bahari, na ndiyo maana nyaya hizo zilipokatika Mei 2024 mtandao ulizorota kuanzia Dar es Salaam hadi Nairobi.

Barua iliyotoka Zambia

Pingamizi la fedha lina historia yake, na historia hiyo inapita Afrika. Mwaka 1970, mtawa mmoja Mkatoliki aliyekuwa akifanya kazi Zambia, Sista Mary Jucunda, alimwandikia Ernst Stuhlinger, mmoja wa wakuu wa sayansi katika kituo cha shirika la anga la Marekani, NASA, kilichoko Huntsville, Alabama. Alimuuliza inawezekanaje kupendekeza mabilioni ya dola yatumike kwa safari ya Mirihi wakati watoto wanakufa kwa njaa. Stuhlinger alimjibu kwa barua ndefu na ya heshima. Alimsimulia kisa cha mtawala mwema wa mji mdogo wa Ujerumani aliyewalisha maskini wake, lakini akawa pia anamgharamia mtu aliyekuwa akisugua vioo vya kukuzia vitu vidogo. Watu walinung'unika kwamba fedha zinapotea, na baadaye vioo vile vikazaa hadubini, ambayo imeokoa watu wengi kuliko chakula kile kingeweza kuwaokoa. Akaongeza kwamba setilaiti zitasaidia kilimo na ugawaji wa chakula.

Barua hiyo husambazwa hadi leo kama jibu lililomaliza mjadala. Mimi naiona kama mfano mzuri kuliko yote wa mkorogo ninaouzungumzia. Kuhusu setilaiti, Stuhlinger alikuwa sahihi: miaka miwili baadaye, Julai 1972, Marekani ilirusha setilaiti ya kwanza ya mfululizo wa Landsat, ambao umeipiga dunia picha bila kukoma tangu wakati huo, na tangu 2008 picha zake hutolewa bure kwa yeyote. Lakini Sista Jucunda hakuuliza kuhusu setilaiti. Aliuliza kuhusu kuwapeleka watu Mirihi, akajibiwa kwa faida za kazi nyingine. Ni kama mtu anayelalamikia bei ya harusi akajibiwa kwamba ndoa ni jambo jema.

Kuhusu ukubwa wa fedha zenyewe, dhana iliyoenea ni kwamba zinameza hazina ya mataifa. Bajeti ya NASA kwa miaka ya karibuni imekuwa takriban dola bilioni 25 kwa mwaka, chini ya nusu ya asilimia moja ya matumizi ya serikali kuu ya Marekani. Mwaka 1966, mbio za kwenda mwezini zilipopamba moto, ilizidi asilimia 4. Kwa mtu anayepata shilingi milioni moja kwa mwezi, hiyo ya sasa ni chini ya shilingi elfu tano. Matumizi ya kijeshi ya dunia nzima kwa mwaka 2023 yalipita dola trilioni 2.4, hivyo anayetafuta mfuko wa kuukata ili alishe wenye njaa ana mifuko minono zaidi ya kuanzia. Wala fedha hizo hazipandi angani, bali huwa mishahara ya mafundi na wahandisi. Sawa, ila mishahara hiyo hulipwa Alabama na Florida, haifiki Zambia, na mtu wa Zambia ana haki ya kuliona hilo bila kuambiwa kwamba haelewi sayansi.

Inasemekana vilevile kwamba nchi maskini haina biashara huko. Tarehe 21 Novemba 1963 India ilirusha roketi ndogo ya kwanza kutoka Thumba, kijiji cha wavuvi huko Kerala, ofisi ikiwa ndani ya kanisa ambalo waumini wake walikubali kulihama, na vipande vya roketi vikisukumwa kwa baiskeli. Karibu miaka 60 baadaye, Agosti 2023, chombo chao Chandrayaan-3 kilitua karibu na ncha ya kusini ya Mwezi kwa gharama ya takriban dola milioni 75. Katikati hapo hawakuanza na Mwezi. Walianza na mvua, na matangazo ya elimu vijijini.

Kenya ilikuwa na nafasi ya pekee mapema kuliko wengi wanavyojua. Baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, Waitaliano walisimamisha majukwaa ya chuma, na kati ya 1967 na 1988 roketi tisa zilipeleka setilaiti kwenye obiti kutoka pale. Walipachagua kwa sababu ya ikweta. Dunia inapojizungusha, mtu aliyesimama kwenye ikweta anakwenda zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa bila kujua, na roketi inayoelekea mashariki huupokea mwendo huo kama zawadi. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka hapo na kupewa jina la Kiswahili, Uhuru. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza miale ya eksirei inayotoka kwenye nyota, na vipimo vyake vilisaidia kuonyesha kwamba kitu kilichoitwa Cygnus X-1 yamkini ni shimo jeusi, yaani nyota iliyojikunja hadi mwanga wenyewe hauwezi kutoka. Jina lilikuwa letu na bahari ilikuwa yetu; chombo na elimu yake vilikuwa vya wengine. Na Wakenya walipopata setilaiti yao ya kutazama ardhi, Taifa-1, tarehe 15 Aprili 2023, iliyogharimu takriban shilingi milioni 50 za Kenya, walilazimika kuipandisha kwenye roketi ya kampuni ya Marekani, kutoka California.

Roboti na mtu

Kazi ya pili, ya kutuma roboti mbali, huzua ubishi mdogo zaidi, na kwa maoni yangu ndiyo yenye tija kubwa kwa kila shilingi ikiwa kinachotafutwa ni maarifa. Chombo Opportunity, roboti yenye magurudumu, kilitua Mirihi Januari 2004 kikitarajiwa kufanya kazi siku 90, kikafanya kazi hadi Juni 2018. Voyager 1 kilichoondoka 1977 kimekwisha toka nje ya eneo linalotawaliwa na upepo wa jua, yaani chembe zinazotiririka kutoka kwenye jua.

Lakini mwenye kutetea safari za watu naye ana hoja, na ni vizuri isikilizwe katika ubora wake. Katika miaka 14 Opportunity kilitembea kilomita 45. Wanaanga wawili wa safari ya Marekani ya Apollo 17, Desemba 1972, walitembea na gari lao mwezini takriban kilomita 35 katika siku tatu. Safari sita za watu mwezini zilileta nyumbani kilo 382 za mawe na udongo. Roboti tatu za Kisovieti za miaka hiyo hiyo, zikijumlishwa pamoja, zilileta kama gramu 300, kiasi cha kujaza kikombe kidogo cha kahawa. Sababu si uzembe wa roboti. Mawimbi ya redio huchukua kati ya dakika tatu na zaidi ya ishirini kufika Mirihi, kutegemea sayari ziko wapi, kwa hiyo dereva aliyekaa California akiona shimo kwenye picha, gari limekwisha kutumbukia muda mrefu uliopita. Ndiyo maana huendeshwa kwa hadhari ya konokono. Tena darubini ya Hubble ilipopanda mwaka 1990 ikiwa na kioo kilichosuguliwa vibaya, ilikuwa mikono ya wanaanga, Desemba 1993, iliyoirekebisha.

Yote hayo ni kweli, na bado sijashawishika kuhusu Mirihi. Mwili wa binadamu umejengwa kwa ajili ya uzito: kwenye Kituo cha Kimataifa mifupa ya nyonga hupoteza kati ya asilimia 1 na 1.5 ya madini yake kila mwezi, ingawa wanaanga hufanya mazoezi kama saa mbili kila siku. Safari ya Mirihi ina msimu wake, kama majahazi ya Oman yaliyokuja Zanzibar na kaskazi yakalazimika kusubiri kusi ndipo yarudi. Sayari hizi mbili hukaa mkao mzuri wa safari kila baada ya takriban miezi 26, na kwa hiyo kwenda, kusubiri na kurudi ni jambo la miaka miwili hadi mitatu, miale hatari ikipita mwilini muda wote. Nahodha wa jahazi aliposubiri alikuwa na soko, msikiti na maji ya kisima. Kuhusu gharama, mkaguzi mkuu wa NASA alieleza mwaka 2022 kwamba kila safari ya mwanzo ya mpango wa Artemis, wa kuwarudisha watu mwezini tu, ingegharimu dola bilioni 4.1. Fedha hizo zingelipia Chandrayaan-3 zaidi ya 50.

Wapo wanaosema lazima twende kwa sababu dunia itaharibika, na Mirihi ndiyo akiba yetu. Hii ndiyo hoja dhaifu kuliko zote, ingawa ndiyo inayopigiwa debe zaidi. Hewa ya Mirihi ina mgandamizo usiofika hata asilimia moja ya huu wetu, na karibu yote ni kabonidayoksaidi. Wastani wa joto lake ni nyuzi 60 chini ya sifuri. Bara la Antaktika, ambako hakuna anayeomba kiwanja, lina hewa ya kuvuta bila malipo na maji yaliyogandishwa tayari. Dunia iliyoharibiwa vibaya kiasi chochote tunachoweza kufikiri bado itakuwa nyumba bora kuliko Mirihi ilivyo leo. Na kama hofu ni kimondo kikubwa, mfano wa kile cha Mbozi, mkoani Songwe, kipande cha chuma cha tani zaidi ya kumi kilichotua pale zamani za kale, dawa imekwisha jaribiwa: Septemba 2022 chombo DART, kisicho na mtu, kiligonga kimondo kidogo kiitwacho Dimorphos kwa makusudi, kikafupisha muda wake wa kukizunguka kimondo mwenzake kikubwa zaidi kwa takriban dakika 32. Hakukuhitajika kuhama.

Kuna pia wanaouliza kwa upande wa dini, hasa pwani, kama mwanadamu ameruhusiwa kuvuka mipaka hiyo. Suala hilo ni la wanazuoni, si langu, ila ni vyema kujua kwamba Waislamu wamekwisha kwenda: daktari wa Malaysia, Sheikh Muszaphar Shukor, alipanda Oktoba 2007 ndani ya mwezi wa Ramadhani, na wanazuoni wa nchi yake walimwandalia mwongozo wa sala, ukiwamo wa kibla kwa mtu anayeizunguka dunia mara 16 kwa siku. Walimwambia aelekee Kaaba akiweza, asipoweza aelekee dunia, na asipoweza hilo pia, aelekee popote.

Nani hulipa kinapoanguka

Jambo moja halina budi kuwahusu hata wasiotaka kabisa safari hizi, nalo ni taka. Kitu kilichoko kwenye obiti hakishuki kwa sababu mwenyewe amemaliza kukitumia. Tarehe 10 Februari 2009, setilaiti ya mawasiliano ya Marekani na setilaiti ya Urusi iliyokufa zamani ziligongana juu ya Siberia, zikaacha vipande zaidi ya 1,800 vikubwa kuliko ngumi, kila kimoja kikikimbia kilomita zaidi ya saba kwa sekunde. Mgongano mmoja huzaa vipande vinavyoweza kusababisha mingine, na setilaiti zinazofanya kazi sasa zimepita 10,000. Anayetaka tuendelee kupata kipimo cha malisho ya Marsabit ndiye anayepaswa kuwa mkali zaidi juu ya uchafu huu, maana ni njia ile ile.

Sheria ipo. Mkataba wa 1967 unakataza nchi yoyote kujimilikisha Mwezi au sayari, na unaifanya kila serikali iwajibike kwa vinavyorushwa na raia na kampuni zake. Mkataba wa 1972 unaongeza kwamba chombo kikiharibu mali au kuumiza mtu ardhini, nchi iliyokirusha italipa, hata kama haikuzembea. Januari 1978 setilaiti ya Kisovieti, Kosmos 954, iliyokuwa na tanuri dogo la nyuklia, ilisambaratika juu ya kaskazini mwa Kanada. Serikali ya Kanada ilisafisha eneo hilo, ikapeleka ankara ya dola milioni 6 za Kanada, na mwaka 1981 ikalipwa milioni 3.

Anayedai kwa mkataba huo ni serikali kwa serikali. Mwenye shamba hawezi kuuandikia ubalozi akadai peke yake chini yake. Tena ni lazima ijulikane chuma ni cha nani. Kanada ilijua. Pale ambapo haijulikani, kazi ya kwanza ni ya wataalamu wa nchi husika kulinganisha saa ya kuanguka na njia za roketi zilizokuwa zikishuka, na muda wa kudai ni mwaka mmoja, unaohesabiwa tangu siku ya uharibifu au tangu siku mwenyewe alipotambuliwa.